Nyonga bandia isiyo na simenti: namna ya kuisaidia ikamate mfupa, kuanzia kabla ya thieta mpaka wiki ya 12

Mimi ni fizio, kazi yangu ya kila siku ni kuwasimamisha watu waliobadilishwa nyonga, na swali ambalo sijawahi kumaliza wiki bila kuulizwa, na mgonjwa mwenyewe au na mtoto wake aliyekaa pembeni ya kitanda, ni hili: "hicho chuma kimeshikiliwa na nini?" Kwa aliyewekewa yenye simenti jibu ni fupi tu, simenti maalum ya mifupa inaganda palepale thieta ndani ya dakika kumi na kitu na akitoka pale chuma kimeshashikwa. Ila kwa aliyewekewa isiyo na simenti jibu ni refu na ndo maana nimekaa kuandika huu mwongozo, kwa sababu nimeona watu wanapewa karatasi ya kuruhusiwa wodini bila kuambiwa kwamba wiki zile za mwanzo ndo zinaamua kila kitu.

Kabla sijaenda mbali, dokta aliyekupasua akikuambia tofauti na ninavyosema hapa, mfuate yeye, yeye ndo aliyeuona mfupa wako kwa macho.

HATUA YA 1: elewa kwanza kinachoshika

Chukua jembe letu la kawaida. Mpini una kichwa kinene, unaupitisha kwenye tundu la jembe, unaugonga chini, na kila unapogonga jembe linazidi kubana. Hakuna gundi, hakuna msumari, ni kubanana tu. Nyonga isiyo na simenti siku ya kwanza iko hivyohivyo. Ile fimbo ya titani inayoingia ndani ya mfupa wa paja (tunaiita stemu) imechongwa nene juu nyembamba chini, inagongwa kwa nyundo mpaka inabana, na kile kikombe cha kwenye fupanyonga nacho kinagongwa kwenye shimo lililochongwa dogo kidogo kuliko chenyewe. Huo ndo uimara wa mwanzo, ni wa kubana.

Uimara wa pili unakuja baadaye, pale mfupa wenyewe unapoota na kuingia kwenye vitundu au mikwaruzo iliyoko juu ya chuma. Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950 alikuwa anachunguza damu inavyopita kwenye mifupa ya sungura kwa kifaa cha titani, akaja kukuta kifaa hakitoki tena kwa sababu mfupa umekishika. Yeye akakipeleka zaidi kwenye meno lakini jambo lenyewe ni lilelile linalotokea kwenye nyonga yako.

Sasa hapa ndo pa kusoma taratibu. Mfupa hauoti juu ya kitu kinachotikisika. Robert Pilliar na wenzake wa Toronto mwaka 1986 walionyesha kwa mbwa kwamba chuma kikicheza mikroni kama 28 mfupa bado unaingia, kikicheza 150 na zaidi kinachoota pale ni utando laini kama kovu, na utando haushiki kitu. Kazi zilizofuata zinaweka mpaka wa usalama kwenye mikroni 40 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, unywele wa mtu una kama 70 mpaka 100. Yaani tunaongelea mchezo wa nusu unywele hivi, halafu mtu anabeba uzito wake wote juu yake. Mimi kila nikiifikiria hesabu hii nanyamaza kidogo.

Na nafasi kati ya chuma na mfupa pia ina maana. Mfupa unaruka pengo dogo, chini ya milimita moja, ila pengo likiwa kubwa unashindwa. Kwahiyo vitu ni viwili, kugusana na kutulia.

Kitu kingine, watu wanachanganya kulegea na kuchomoka. Kuchomoka ni kile kichwa cha mviringo cha juu ya stemu kutoka nje ya kikombe, mguu unafupika ghafla na unashindwa hata kuusogeza. Kulegea ni chuma chenyewe kukosa kushika mfupa, kinakuja polepole. Masharti ya kutokunja nyonga sana ni ya kuzuia kuchomoka. Haya ninayoandika hapa mengi ni ya kuzuia kulegea, japo mengine yanasaidia kote.

HATUA YA 2: ujue mfupa wako kabla ya kukubali aina yoyote

Eksirei ya fupanyonga ya mbele inasema mengi. Mwaka 1993 Lawrence Dorr na wenzake waligawa mfupa wa paja makundi matatu na mpaka leo madokta wanasema A, B na C. A ni mfupa wenye kuta nene na mrija wa ndani uko kama faneli, mpana juu mwembamba chini. C ni kuta nyembamba na mrija umenyooka kama bomba, wazee wengi na hasa kina mama waliokoma hedhi zamani wako hapa. B ni katikati. Ukifikiria jembe na mpini utaona mwenyewe, kabari inabana vizuri kwenye faneli, kwenye bomba pana lenye kuta nyembamba inazama tu au inapasua.

Ndo maana mimi siungi mkono ile imani kwamba isiyo na simenti ni "ya kisasa" na yenye simenti ni "ya zamani" au ya maskini. Nimesikia familia inalazimisha mama wa miaka 80 awekewe ya gharama zaidi kwa kudhani wanampenda zaidi. Uingereza mwaka 2022 walitoa majibu ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,200 wa miaka 60 na kuendelea, waliovunjika shingo ya paja na kuwekewa nusu nyonga (upande wa paja tu, bila kikombe), na mfupa kuvunjika kuzunguka chuma ilikuwa asilimia 0.5 kwa wenye simenti na asilimia 2.1 kwa wasio nayo, na wenye simenti maisha yao yalikuwa mazuri kidogo zaidi. Kwa mzee aliyevunjika, simenti ni chaguo la heshima kabisa.

Mambo ya kumwambia dokta bila kuficha: kama umewahi kutumia dawa za steroidi muda mrefu, kama umepigwa mionzi ya saratani maeneo ya nyonga (mfupa uliopigwa mionzi unaota kwa shida, hasa upande wa kikombe), kama unavuta sigara, kama una kisukari, kama unatumia dawa za kifafa za muda mrefu maana baadhi zinashusha vitamini D.

Na selimundu, hapa kwetu lazima niiseme peke yake. Vijana wengi ninaowapokea wa miaka 25 au 30 ni wa selimundu, kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu. Kwa umri wao isiyo na simenti inavutia kwa sababu ikishakamata inakaa miaka mingi, ila mfupa wao ni mgumu kuufanyia kazi, sehemu moja mrija umeziba na umekuwa mgumu kama jiwe, sehemu ya jirani ni laini, ukigonga ovyo unatoboa ukuta au unapasua. Muulize dokta amewahi kufanya wangapi wa selimundu na kama thieta ina eksirei ya kuangalia palepale wakati wa upasuaji. Sio utovu wa adabu kuuliza, uliza kwa upole tu.

HATUA YA 3: tayarisha mwili wiki sita kabla

Acha sigara, na ukiacha usirudi mpaka mfupa umekamata. Sukari ishuke. Jino bovu ling'olewe au litibiwe kabla, na kidonda chochote mguuni kipone, maana wadudu wakifika kwenye chuma hakuna uimara wowote utakaosalia. Vitamini D ukiweza pima, kama huwezi ongea na dokta, hasa kama ni mtu wa kukaa ndani siku nzima au unajifunika mwili wote, dagaa na maziwa viwepo.

Anza kujifunza magongo au woka kabla. Mtu anayejifunza magongo akiwa na kidonda kipya anajikwaa, na kujikwaa nitakueleza kwa nini kunanitisha.

HATUA YA 4: jua kinachofanyika thieta

Hutakuwa na la kufanya pale mezani lakini ukijua utauliza maswali mazuri baadaye, na kama wewe ni intani au nesi mpya wa thieta itakusaidia pia kufuatilia.

Wanaanza kikombe mara nyingi. Tundu la nyonga linachongwa kwa rima (vyuma vya kuchongea) za duara, kubwa kubwa zaidi kila mara, mpaka mfupa unaanza kutoa damu kidogo, hapo ndo pana uhai. Halafu wanaweka kikombe kilichozidi kwa milimita 1 au 2, mfano umechonga 50 unaweka 52. Ukizidisha sana unapasua fupanyonga, ukipunguza hakibani. Jaribio lake ni zuri kuliangalia, dokta anashika mpini wa kikombe anasukuma na kuzungusha, na mgonjwa mzima pale mezani anacheza pamoja na mpini. Kama mpini unacheza peke yake, hakijabana. Hapo anaweza kuongeza skrubu moja mbili, na zinawekwa upande wa juu nyuma kwa sababu upande wa mbele kuna mishipa mikubwa ya damu karibu sana.

Kisha paja. Shingo inakatwa, mrija unafunguliwa kwa kuegemea upande wa nje ili stemu isije ikakaa kishingo upande, halafu zinaingia tupa, vyuma vyenye meno vinavyochonga umbo la stemu, kuanzia ndogo. Wengi wanaamini kazi ya tupa ni kutoa mfupa tu, kumbe aina nyingi zinaukandamiza ule mfupa laini kama sponji uwe ukuta wa kubana, ndo maana daktari mzuri hauparui wote nje.

Sikiliza sauti. Tupa ikiwa ndogo nyundo inalia kwa uzito, tupu. Ikifika saizi yake sauti inapanda, inakuwa kali, na tupa haishuki tena hata ukigonga. Hapo dokta anashika mpini anajaribu kuzungusha, mfupa wa paja uzunguke wote na tupa, visitengane hata kidogo. Jaribio la kuzungusha ndo kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, maana stemu inaweza ikastahimili kusukumwa chini halafu ikashindwa kwa kupindwa.

Stemu yenyewe ikiingia inatakiwa ikae palepale tupa ilipokaa au juu yake kidogo. Ikizama ghafla zaidi ya tupa, simama, usigonge tena, kuna ufa mahali, mara nyingi sehemu ya ndani juu karibu na shingo. Ufa ukionekana mapema unatibika vizuri, stemu inatolewa, mfupa unafungwa waya kuzunguka, stemu inarudishwa. Ufa usioonekana ndo unaokuja kuleta shida wiki ya pili mtu akishaanza kutembea. Madokta makini wanapumzika sekunde kadhaa kati ya mapigo ya mwisho ili mfupa ulegee na kuipokea kabari.

Aina ziko nyingi. Kuna ya Zweymüller ya Austria, tangu 1979, ina pembe nne na inabana kwa zile kona, kona ndo zinazuia kuzunguka. Kuna Corail ya Ufaransa, 1986, imepakwa madini ya hidroksiapataiti ambayo yanafanana na madini ya mfupa wenyewe kwahiyo mfupa unaisogelea haraka. Nyingine zina kola, kama kikofia kinachokaa juu ya mfupa uliokatwa, inasaidia isizame. Sitakuambia ipi bora, ipi dokta wako ameizoea ndo jambo la kuuliza.

HATUA YA 5: siku ya kwanza, uliza maswali manne

Nimekagua mafaili mengi, na majibu ya haya maswali mara nyingi hayamo kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Je, ilibana vizuri? Kulikuwa na ufa, umefungwa waya? Skrubu ngapi kwenye kikombe? Na niukanyagie kiasi gani? Andika majibu. Halafu omba zile stika za kipandikizi, kila boksi linakuja na stika yenye jina, saizi na namba, bandika kwenye daftari lako. Hili nawasisitiza hasa wanaotibiwa India wakarudi nyumbani, maana miaka kumi mbele dokta wa hapa akitaka kubadilisha kichwa au kikombe na hajui ni aina gani, anahangaika sana.

Na piga picha ya eksirei ya kwanza kwa simu yako. Utakuja kuihitaji.

HATUA YA 6: wiki ya kwanza mpaka ya sita

Stemu ikibana vizuri madokta wengi siku hizi wanakuruhusu kukanyaga uzito wote kuanzia siku ile au kesho yake, ukiwa na magongo au woka. Watu wanashangaa, "si umesema kisitikisike?" Ndiyo, ila kabari iliyobana vizuri ukiikanyaga wima inazidi kubana, kama jembe. Kinachoiumiza ni kupinda na kushtuka. Kama ulifungwa waya au mfupa ni laini, unaweza kuambiwa uguse chini tu kwa wiki sita, na hapo usibishane.

Sasa namba. Wajerumani wa Berlin, Georg Bergmann na timu yake, waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia zenyewe, zikawa zinatuma taarifa mtu akitembea. Majibu ya 2001 yanasema kutembea kawaida kunaweka kwenye nyonga kama asilimia 238 ya uzito wako. Mtu wa kilo 70, hapo ni kama kilo 167 kila hatua. Kupanda ngazi mzigo ni asilimia 251, sio tofauti kubwa, lakini ile nguvu ya kuizungusha stemu ndani ya mfupa inapanda kama asilimia 23 kuliko kutembea tambarare. Na kujikwaa, kwenye vipimo vyao vya awali, kulifika zaidi ya mara 7 ya uzito wa mtu. Kilo 70 hiyohiyo, karibu nusu tani kwa sekunde moja.

Kwahiyo masharti yangu yanatoka hapo, sio kwenye mazoea:

Ngazi, moja moja, ukishika reli. Mguu mzima unatangulia kupanda, mguu wa upasuaji unatangulia kushuka. Kama chumba chako kiko ghorofani shusha kitanda sebuleni kwa mwezi mmoja.

Kugeuka, usizunguke juu ya mguu uliopasuliwa. Mtu kaitwa nyuma, mguu umebaki palepale mwili unageuka, hiyo ndo kupinda stemu. Piga hatua ndogo ndogo mpaka umegeuka wote.

Kuinuka, kiti kiwe kirefu magoti yako yakae chini kuliko nyonga, chenye mikono ya kusukumia. Kigoda cha jikoni, sofa linalozama, mkeka, viache. Kuinuka kwenye kigoda unaikunja nyonga, unaipinda, na unaibebesha kwa wakati mmoja.

Choo cha kuchuchumaa ndo kinachonipa mawazo zaidi kuliko ngazi. Tengeneza kabla hujaenda hospitali, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na miguu imara kinatosha, na bomba la kushikia ukutani. Swala, salia kwenye kiti mpaka dokta akuruhusu vinginevyo. Bodaboda hapana kabisa. Daladala ukiweza subiri, ukishindwa panda isiyo na msongamano na mtu akuzuie nyuma.

Gongo ukibaki na moja, lishike mkono wa upande mzima, sio upande wa kidonda. Karibu kila nyumba ninayoenda nalikuta upande mbaya.

Mazoezi: kubana makalio, kupiga pampu vifundo, kutembea kidogo mara nyingi. Lile la kulala chali na kuinua mguu uliopasuliwa ukiwa umenyooka mimi silitoi mapema, linaweka mzigo mkubwa kwenye nyonga kuliko watu wanavyodhani.

Dawa za maumivu, usijinunulie diklofenaki duka la dawa ukameza wiki nzima. Kwa wanyama kundi hilo la dawa limeonekana kuchelewesha mfupa kuingia kwenye chuma. Wakati mwingine dokta anakupa ya aina hiyo kwa siku chache kwa makusudi, kuzuia mfupa kuota kwenye nyama, hiyo ni sawa, fuata yake.

Na nyumba, toa zulia dogo la mlangoni, waya wa feni uliokatiza, ndala zilizoisha. Taa ya usiku njia ya chooni. Yote hiyo ni kwa ajili ya ile nusu tani.

HATUA YA 7: wiki ya tatu, kipindi cha hatari

Wiki ya tatu maumivu yanapungua, kidonda kimefunga, mtu anajiona amepona. Mfupa ndo kwanza umeanza kujisuka kuelekea kwenye chuma, bado mbichi. Nilikuwa na mama mmoja, mchapakazi kweli, wiki ya tatu akaacha magongo, akabeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani, akateleza kwenye matope pale kizingitini. Hakuanguka, alijikwaa tu akajishika mlangoni. Usiku paja likaanza kuuma katikati. Eksirei ikaonyesha stemu imeshuka milimita 4. Nililia naye, kwa sababu nilimwambia magongo ila sikuwahi kumwambia kwa nini.

HATUA YA 8: kusoma dalili

Maumivu ya kidonda yanapungua kila wiki. Maumivu ya kuyaogopa ni ya katikati ya paja yanayokuja ukianza hatua za kwanza baada ya kukaa, kisha yanapoa kidogo ukishatembea. Au kinena kinauma ukikanyaga, hapo fikiria kikombe. Mguu kuwa mfupi taratibu, au unyayo kugeukia nje baada ya kujikwaa, nenda siku hiyohiyo. Homa, kidonda kutoa usaha, nenda siku hiyohiyo pia.

Eksirei ya wiki 6 iwekwe pembeni ya ile ya kwanza, na ipigwe kwa mkao uleule. Angalia umbali kati ya bega la stemu (kona yake ya juu upande wa nje) na ncha ya lile nundu la nje la paja. Kushuka milimita moja hivi mwanzoni kisha kusimama ni kawaida kwa stemu nyingi, imetafuta kitako chake. Kinachotisha ni kinachoendelea kushuka kati ya wiki 6 na 12. Baadaye, mwaka na kuendelea, mistari myeusi inayozunguka sehemu ya stemu iliyopakwa madini ni ishara mbaya, na vidaraja vya mfupa mweupe vinavyogusa chuma ni ishara nzuri.

Yule mama alirudi kwenye magongo mawili, akagusa chini tu, watoto wake wakapanga zamu ya maji. Wiki ya 12 tukaweka filamu mbili kwenye dirisha, ile ya wiki ya tatu na ya siku hiyo, dokta akapima kwa rula. Milimita 4 zilezile. Mwaka mmoja baadaye vidaraja vyeupe vilionekana pande zote mbili, na maji sasa anasukuma kwa toroli.